Dakika Tatu za Yustina

Kitu cha kwanza ambacho mgeni yeyote hukiona kwa Yustina Mughwai ni namna anavyoinamisha kichwa. Hukilaza kidogo upande wa kushoto, kisha vidole viwili hupanda taratibu hadi sikioni na kutulia hapo, kana kwamba vimeshikilia kitu kisichoonekana. Hufanya hivyo akichagua nyanya sokoni Ikungi, hufanya hivyo akimsikiliza katekista, hata akionja chumvi ya mlenda jikoni kwake. Wasiomfahamu hudhani sikio linamuuma, na wapo waliokwisha kumletea dawa. Wanaomfahamu wanajua kwamba kwa miaka kumi na mmoja kitu hicho kilikuwepo kweli. Kilikuwa chombo cha kusikilizia cha opereta wa simu, na siku kilipoondolewa, kichwa hakikuambiwa.

Alianza kazi hiyo mwaka 1986, msichana wa miaka ishirini kutoka Issuna, mwenye cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima. Chumba cha simu kilikuwa nyuma ya posta, na ukuta mmoja wote ulikuwa ubao wenye matundu na nyaya. Mtu akitaka kuzungumza na Dodoma, Yustina alichomeka waya huku na mwingine kule, na watu wawili wasioonana wakawa kama wamekaa jamvi moja. Sauti zilipita masikioni mwake tangu asubuhi hadi jioni. Alimjua opereta wa Tabora kwa kikohozi chake kidogo kabla ya kutaja namba, na wa Manyoni kwa pumzi mbili fupi. Hakuwahi kuona uso wa hata mmoja wao. Wakati mwingine, laini zikiwa kimya na upepo wa Julai ukipuliza juu ya majabali, alijaribu kuwachora akilini, akawapa pua na macho, lakini kesho yake nyuso hizo zilikuwa zimefutika zikabaki pumzi tu.

Kila simu ya mbali ilikuwa na dakika tatu. Zikiisha, opereta aliingia katikati ya mazungumzo na kusema hivyo. Vijana walikata haraka, lakini wazee walikuwa kazi. Mzee angekuwa ndiyo kwanza amemaliza kuulizia ng'ombe, bado watoto, bado mvua, na kumkatiza mtu wa umri ule kulikuwa kama kumpita njiani bila salamu. Yustina akatafuta njia yake. Alitanguliza heshima, kisha saa. "Shikamoo, mzee. Dakika tatu zimekwisha." Na kwa kuwa shikamoo haiachwi ikining'inia, mzee aliitika marahaba hata kama alikuwa na hasira, kisha akaomba kwa maneno ambayo wapiga simu wote wa zamani waliyajua: "Niongezee tatu."

Mwaka 1997 fundi alikuja kutoka mjini na kisanduku cha rangi ya kijivu, kikubwa kidogo kuliko debe. Nyakati zilikuwa zimebadilika. Mashirika yalikuwa yanagawanywa na watu wanapunguzwa. Fundi hakuwa mtu mbaya. Alipomaliza kufunga kisanduku alimgeukia Yustina na kumwambia kwa upole kwamba kifaa kile kingefanya yote aliyokuwa akiyafanya yeye. Yustina aliitikia, akakunja kitambaa chake cha kufutia ubao, akaenda nyumbani kulima alizeti na mumewe, Deo. Lakini neno lile, yote, lilimfuata shambani kama mbigili kwenye pindo la kanga.

Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 2008, mtu mmoja aitwaye Antipasi, aliyekuwa karani wa pamba huko Shinyanga kabla naye hajapunguzwa, alifungua chumba cha intaneti pale Ikungi, kando ya barabara ya Dodoma. Kilikuwa na kompyuta nne, ungo mmoja wa setilaiti juu ya bati na jenereta la akiba. Alihitaji mtu mzima, mwaminifu, wa kukaa na wateja na kuwaambia muda wao umekwisha. Akamchukua Yustina.

Wateja walikuwa wachache. Siku moja ya mchana mkavu, Antipasi alimfungulia mchezo wa karata uitwao poka, unaochezwa na watu walio mbali mbali kupitia kompyuta. Alimweleza kwamba kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha tano huwekwa wazi katikati, na mwenye mkusanyo bora ndiye hushinda. Watu huweka kete wakishindana. Anayeona mambo magumu hutupa karata zake na kusubiri mkono mwingine, yaani mgao mpya wa karata. Na mtu asiye na kitu anaweza kupandisha kete kwa ujasiri hadi wenye karata nzuri wakaogopa na kutupa zao. Kete zenyewe zilitolewa bure na wenye tovuti. Hakuna shilingi iliyoingia wala kutoka. Jambo hilo la mwisho Deo aliliuliza mara tatu nyumbani, maana hakutaka kamari katika nyumba yake, na mara zote tatu alijibiwa vilevile, ndipo akaridhika na kuendelea kula.

Mwanzoni Yustina aliona picha ndogo za wachezaji zikizunguka meza ya kijani na hakuelewa mtu angewezaje kumsoma mwenzake bila uso. Kisha akasikia. Kila mchezaji alipofikiwa na zamu palikuwa na kimya kabla hajabonyeza, na kimya hicho hakikufanana. Kijana mmoja wa Lusaka alibonyeza papo hapo akiwa hana kitu. Mwanamke mmoja wa Kampala alisita pumzi mbili akiwa na karata kubwa, kama mtu anayejizuia asicheke. Yustina aliinamisha kichwa, vidole vikapanda sikioni, na kwa mara ya kwanza tangu 1997 vilikuwa na sababu ya kuwa pale. Alikuwa amerudi kwenye ubao wake.

Mapema mwaka 2009 tovuti ilitangaza ligi ya Afrika Mashariki na Kati. Mashindano yangekuwa kila Jumamosi saa tisa alasiri hadi mwisho wa Novemba, na majina tisa ya juu yangelipiwa nauli ya kwenda Nairobi kucheza fainali kwenye meza ya kweli, meza ya mbao na kitambaa, watu wakiwa wamekaa ana kwa ana. Yustina alisoma tangazo hilo mara mbili. Hakuuliza zawadi ya mshindi ni nini. Alichokitaka ni kile kiti. Maisha yake yote ya kazi alikuwa ameunganisha watu asiowaona, na sasa kulikuwa na mahali ambapo, akifika, wale aliowasikia wangekuwa na nyuso. Tena kisanduku cha kijivu kisingeweza kwenda badala yake.

Kufikia Machi jina lake, Issuna, maana alijiandikisha kwa jina la kijiji chake, lilikuwa la nne katika orodha. Siku hizo alitembea kama mtu aliyekanyaga pamba. Mashamba ya alizeti yalikuwa yametoa maua, na akirudi nyumbani alihisi yale maelfu ya vichwa vya njano vimeinama upande mmoja kama chake, vikisikiliza.

Baada ya Pasaka mambo yakageuka. Wachezaji wapya waliingia, watu waliosoma vitabu na kupiga hesabu, na wale wa zamani wakajifunza kwao. Kijana wa Lusaka hakubonyeza tena papo hapo. Mwanamke wa Kampala hakusita tena. Kila mmoja alikuwa anahesabu kimoyomoyo hadi namba ileile kabla ya kucheza, awe na karata nzuri au mbaya, na Yustina akawa anasikia kimya kimoja kirefu kilicho sawa pande zote. Jina lake likashuka hadi la tisa, kisha la kumi na nne. Mwishoni mwa Juni lilikuwa la kumi na saba.

Hakukata tamaa. Alichukua daftari la mwanawe Eliana lililobaki na kurasa, akaanza kuandika jinsi kila mchezaji anavyocheza: nani hupandisha akiwa wa mwisho kufikiwa, nani hukasirika akishindwa mara mbili, nani hutupa karata akitishwa. Alijifunza kutupa mikono mibovu ambayo zamani angeicheza kwa kulitegemea sikio. Na kimya chake mwenyewe alikipima: kila zamu alivuta pumzi tano, kama mwanamke anayesubiri maji ya ugali yachemke. Taratibu akapanda tena hadi la kumi na mbili, akakwama hapo.

Aliyemkwamisha alikuwa mzee.

Mzee huyo alijiita Jinja 7. Picha yake ilionyesha uso mwembamba, ndevu nyeupe na kofia ya sufu. Hakuwahi kumwandikia mtu neno. Tangu siku ya kwanza walipokutana mezani, Yustina aliandika shikamoo kwenye kidirisha cha ujumbe, kama ambavyo mtu yeyote aliyelelewa Issuna angefanya, na shikamoo hiyo haikujibiwa. Aliendelea kuiandika kila Jumamosi. Kisha, mzee akipandisha kete, Yustina alitupa karata zake. Hakuona kama anafanya jambo la ajabu. Ukikutana na mzee kwenye kijia chembamba unasogea majanini, hata kama una mtungi kichwani.

Siku moja kijana wa Lusaka alimwuliza kwa maandishi neno lile lina maana gani. Yustina, kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne, alimweleza kwa furaha. Ni salamu ya wakubwa, aliandika, na kwao mtu hawezi kumsukuma mkubwa akaona raha. Alifurahi kwamba kijana wa nchi nyingine amependa kujua mila.

Jumamosi iliyofuata kijana wa Lusaka alikuwa na ndevu nyeupe. Wiki mbili baadaye mwanamke wa Kampala aligeuka babu mwenye fimbo. Kufikia Septemba meza ya Yustina ilikuwa na wazee wanne, wote wakipandisha kete kila alipokuwa peke yake mbele yao, na yeye akiwasalimu mmoja mmoja na kuwapisha.

Jumamosi moja Antipasi alikuja kusimama nyuma ya kiti chake, akatazama mikono sita, akavuta kigoda.

"Dada Yustina, hii ni poka au ni baraza la usuluhishi la kata?"

Yustina alimjibu kwamba anawaheshimu. Antipasi alimkumbusha kwamba yule wa kushoto mwezi Mei alikuwa kijana mwenye miwani ya jua.

"Najua," alisema Yustina. "Lakini picha ni ya mzee. Nikimsukuma, namsukuma nani?"

Antipasi alikuna kidevu, akaenda kutia mafuta kwenye jenereta. Jioni hiyo Deo naye alihadithiwa yote akipepeta mbegu, akasema kwamba heshima si utumwa, lakini hata yeye hakuweza kusema mpaka uko wapi. Yustina alilala akiota amekaa kwenye meza ndefu sana, na kila alipofika kwenye kiti, mtu mwenye ndevu nyeupe alikuwa amekwisha kukikalia.

Jibu lilikuja katikati ya Novemba, na aliyelileta hakujua kwamba amelibeba. Mzee Ezekieli, mfugaji wa miaka zaidi ya themanini, alikuja kama kila wiki kusoma barua alizotumiwa na mjukuu wake aliyeko masomoni. Alinunua nusu saa, kisha akasoma kwa kidole, herufi kwa herufi, akirudia zile sehemu zinazomtaja yeye. Nusu saa ilipokwisha kulikuwa na mwalimu anayesubiri kompyuta hiyo. Yustina alimwendea, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee. Muda umekwisha."

"Marahaba," alisema Mzee Ezekieli bila kuinua macho. "Niongezee."

"Yupo mwenzako anasubiri, mzee. Nitakuita akimaliza."

Mzee alinung'unika, akainuka, akaenda kukaa kwenye benchi la nje kwenye jua, wala hakukasirika. Mwalimu akaketi. Ndipo Yustina alipoona Antipasi amesimama mlangoni na dumu la mafuta mkononi, akimtazama na kutikisa kichwa.

"Mzee wa nyama na mifupa umemnyanyua kitini bila kutetemeka," alisema. "Wa picha unamkimbia."

Yustina alisimama palepale. Kichwa kiliinama, vidole vikapanda. Alisikia chumba cha nyuma ya posta, mlio wa laini, sauti za wazee wa Mitundu na Itigi na Manyoni, mamia kwa mamia, ambao kwa miaka kumi na mmoja aliwakatia mazungumzo yao, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyemwita mtovu wa adabu. Kwenye laini kila mtu alikuwa na dakika tatu, mkubwa na mdogo. Heshima ilikuwa katika namna ya kusema. Haikuwa katika kunyamaza. Alikuwa analijua jambo hili tangu akiwa na miaka ishirini, kisha, kwa kuona ndevu nyeupe kwenye kioo cha kompyuta, akalisahau.

Jumamosi hiyo aliwasalimu wazee wote wa meza na kuwapandishia kete wote. Kijana wa Lusaka alitupa karata mara nne mfululizo, na siku hiyohiyo miwani ya jua ikarudi. Yustina alipanda hadi la kumi.

Ikabaki Jumamosi moja, na wa tisa alikuwa mbele yake kwa pointi chache. Ili ampite, ilibidi Yustina awe kati ya wawili wa mwisho mezani siku ile. Asipofika hapo, Nairobi ingebaki kuwa sauti kama Tabora na Manyoni.

Siku yenyewe wingu la mvua za kwanza lilikuwa limekaa juu ya Ikungi tangu asubuhi, na mvua ikianza, ungo ulikuwa na kawaida ya kupoteza mawasiliano. Deo aliacha shamba akaja kukaa kwenye benchi la nje, akisema amekuja kutazama wingu. Ndani, saa kumi na moja kasorobo, meza ilikuwa imebaki na watu watatu: kijana wa Lusaka, Yustina, na Jinja 7.

Yustina alipewa tisa mbili. Katikati zikafunguliwa tatu za kwanza: mfalme, ree, karata kubwa kuliko zote, na nne. Kijana wa Lusaka alitupa karata zake. Jinja 7 akatulia pumzi sita, kama alivyotulia mwaka mzima, kisha akapandisha kete nyingi.

Tisa mbili ni karata nzuri hadi mfalme au ree atokee. Wakitokea wote wawili, mtu mwenye busara huanza kuogopa. Yustina aliinamisha kichwa. Kimya cha mzee hakikumwambia kitu, hakijawahi kumwambia kitu. Lakini daftari lilikuwa mapajani, na ukurasa wa Jinja 7 ulikuwa umejaa. Kila walipobaki wawili tu, yeye na Issuna, mzee alipandisha, karata ziwe zipi zisiwe zipi, kwa sababu Issuna hupisha. Hakuwa anapandisha kwa sababu ya ree. Alikuwa anapandisha kwa sababu ya shikamoo.

Tone la kwanza la mvua liligonga bati.

Yustina alivuta pumzi zake tano. Aliandika kwenye kidirisha, kwa Kiswahili, herufi kwa herufi: Shikamoo, mzee. Dakika tatu zimekwisha. Kisha akasukuma kete zake zote katikati.

Kimya kikaja. Pumzi sita zikapita, na mzee hakucheza. Nane. Kumi. Antipasi alikuwa ameshika kingo za meza kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu Januari, kimya cha Jinja 7 kilikuwa na mtu ndani yake. Yustina alimsikia waziwazi kama alivyokuwa akisikia kikohozi cha Tabora. Alikuwa mtu aliyeshtuka, kama aliyeitwa na jirani wa zamani katika mji wa ugenini.

Karata za mzee zikatupwa. Na kwenye kidirisha ambacho hakuwahi kuandika neno, yakatokea maneno matatu.

Marahaba. Niongezee tatu.

Yustina aliyasoma, macho yakapanda hadi kwenye jina la mzee. Ndipo jina lile, alilolitazama karibu mwaka mzima, lilipojifungua mbele yake. Jinja 7. Hivyo ndivyo namba za simu zilivyoandikwa zamani, mji na namba, enzi ambazo ubao wa Ikungi ungeweza kuomba Dodoma, na Dodoma ikaomba Nairobi, na Nairobi ikaomba Jinja kule Uganda, na mahali fulani mwisho wa nyaya hizo mtu mwingine akaketi na vidole viwili sikioni.

Zilizobaki zilikwenda haraka. Kete alizozipata kwa mkono ule zilimbeba, na mikono minne baadaye kijana wa Lusaka akapoteza zake zote kwa mzee. Wakabaki wawili. Mvua ikaanguka kwa nguvu, ungo ukapoteza mawasiliano, meza ya kijani ikaganda kwenye kioo na picha ya ndevu nyeupe katikati yake. Jumatatu mtandao uliporudi, orodha ilikuwa imebandikwa. Jinja 7 alikuwa wa tatu. Issuna alikuwa wa tisa.

Sasa hati ya kusafiria imekwisha kufika, na basi la Arusha litamchukua Alhamisi alfajiri pale Singida mjini. Deo alitaka abebe jogoo hai kwa ajili ya mzee, kwa kuwa kuku wa Singida hana mfano, na ilichukua siku mbili kumshawishi kwamba jogoo hatapita mpakani Namanga kwa amani. Wakakubaliana juu ya asali ya Mitundu. Chupa iko juu ya kabati, imefungwa kwa nailoni mara tatu na kitambaa kile cha kufutia ubao, ambacho Yustina alikitoa sandukuni bila kumweleza mtu.

Antipasi bado anamtania. Anasema huenda Jinja 7 ni kijana wa miaka ishirini na tano aliyeazima picha ya babu yake na maneno ya babu yake, na hapo kijana ndiye atakayepaswa kuinama na kutoa shikamoo. Yustina hucheka na kumwambia yote yatajulikana Jumamosi. Amekwisha kuamua atakachofanya. Akifika kwenye meza ile ya mbao na kitambaa, kabla ya kutazama uso wowote, atafumba macho, atasalimu, na kusubiri ni pumzi zipi zitatangulia kabla ya marahaba.

Zimebaki siku nne kabla ya fainali. Mvua imekatika, wapanda alizeti wako mashambani, na chumbani kwa Antipasi hakuna mteja. Yustina amekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, kichwa kimelala upande wa kushoto, vidole viwili sikioni, akisubiri kuunganishwa.